Gari Limegoma Kuwaka: Namna ya Kuufuata Moto Kutoka Betri Hadi Stata

Gari likigoma kuwaka, wengi huanza kwa kununua betri. Ikishindikana, stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Ikishindikana tena, swichi ya ufunguo, na mwisho wa yote ugonjwa unakutwa kwenye nati moja iliyolegea. Moto wa kuwashia gari, yaani umeme, hupita njia inayojulikana, na kila kituo cha njia hiyo kinapimika kwa mita ya kawaida. La kushika ni hili: pima wakati kazi inafanyika. Volti unazosoma gari likiwa limetulia zinaweza kuwa nzuri kabisa, na bado injini isizunguke hata nusu mzunguko.

Vipimo vilivyo hapa ni vya magari ya volti 12, ya petroli na ya dizeli. Kwenye magari ya haibridi usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo zina volti za kuua na hazihusiki na kazi hii.

Utahitaji mita ya dijitali inayopima volti za DC, taa ya kupimia ya volti 12 yenye waya na kibano, brashi ya waya, msasa laini, spana namba 10, 12 na 14, na mtu wa kukupigia stata. Vua pete na saa ya chuma. Spana ikigusa chanya ya betri na bodi kwa pamoja, itashika hapohapo kama imechomelewa, na pete iliyo katikati itakwenda na kidole. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho.

Sikiliza kabla ya kupima

Vuta breki ya mkono, weka gia huru au P, washa taa kubwa, kisha piga stata huku unatazama mwanga wa taa hizo. Masikio na macho yakifanya kazi pamoja, nusu ya jibu umeshalipata.

- *Ta-ta-ta-ta ya haraka, taa zinafifia na kurudi.* Solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) ina moto wa kutosha kuvuta, lakini stata inapounganishwa tu volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Betri imeisha au taminali (vibano vya nyaya kwenye vichwa vya betri) hazishiki. Stata iache kwanza.
- *Ta moja nzito, taa karibu hazififii.* Solenoidi imevuta ila moto haupiti kwenda kwenye mota. Shuku kopa za solenoidi (vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha moto) au kaboni za stata (vipande vinavyopeleka moto kwenye sehemu inayozunguka).
- *Ta moja, na taa zinakufa kabisa.* Mota inavuta moto mwingi lakini haizunguki, au njia ya moto ina kizuizi kikubwa. Anza na betri na taminali.
- *Kimya, taa zinang'aa vilevile.* Amri ya kuwasha haifiki kwenye solenoidi. Nenda kwenye sehemu ya njia nyembamba hapa chini.
- *Kimya, na dashibodi ni giza.* Taminali, fyuzi kuu, au betri iliyokauka kabisa.
- *Stata inavuma kwa kasi, injini imetulia.* Bendiksi (gia ndogo ya stata) haishiki flaiwili (gurudumu lenye meno la injini). Huo si ugonjwa wa umeme, stata ishushwe.
- *Injini inazunguka kwa nguvu ila haishiki.* Stata na betri ni wazima. Ruka hadi sehemu ya injini isiyoshika.

Betri

Kama gari limetembea au limechajiwa karibuni, betri huwa na chaji ya juujuu inayodanganya mita. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Ncha za mita ziguse vichwa vyenyewe vya betri, yaani ile risasi, wala si taminali zilizovishwa juu yake.

Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 kama robo. Chini ya 11.9 betri imekwisha. Ukikuta 10.5 hivi, na hata ikichajiwa usiku kucha inarudi hapohapo, chumba kimoja kimekufa: betri ina vyumba sita vya volti 2.1, toa kimoja. Hiyo haitengenezeki.

Namba hizo zinaeleza chaji iliyopo tu. Nguvu zinajulikana kwa mzigo. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili gari lisiwake, weka mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata kwa sekunde tano. Betri nzima itashuka hadi 10 au 11 na kusimama hapo. Ikienda chini ya 9.6 hali ya hewa si ya baridi kali, ama haina chaji ama imechoka. Ichaji mpaka ijae, urudie kipimo. Ikishuka tena vilevile, ndipo uzungumzie betri mpya. Mtu anayeihukumu betri isiyo na chaji anahukumu tenki tupu kwamba limetoboka.

Kinyume chake kina maana kubwa zaidi: betri ikibaki 12 na zaidi huku stata ikiwa kimya au inajikongoja, basi betri haivutwi moto. Kizuizi kiko mbele yake, na betri mpya haitabadilisha kitu.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, tazama maji. Yafunike sahani, pungufu ijazwe kwa maji safi ya betri, si asidi. Ukiwa na haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri), chumba kilichojaa chaji husoma karibu 1.265, na chumba kimoja kikipishana na vingine kwa 0.050 au zaidi, betri inaelekea mwisho.

Njia nene: nyaya za stata na ethi

Hapa ndipo magari mengi yanapofia, na ndipo watu wengi hawapimi. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta ampea 100 hadi 200. Ya dizeli huenda mbali zaidi. Kwa moto mwingi kiasi hicho, kizuizi kidogo sana kinatosha kuliangusha gari. Chukua kutu ya ohmu 0.01 kwenye taminali. Ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 zinapotea. Zikipotea zinakuwa joto, wati 225 kwenye kiungo chenye ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo maana taminali mbovu huwa ya moto baada ya kupiga stata mara mbili tatu. Iguse kwa nyuma ya mkono. Na ohmu 0.01 haionekani kwenye mita ya kawaida, kwa hiyo usihangaike kupima nyaya hizi kwa ohmu. Pima volti zinazopotea.

1. Fyuzi ya pampu ya mafuta ikiwa imetolewa, weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Piga stata. Isizidi 0.5.
2. Hamia upande wa ethi, yaani njia ya moto kurudi hasi ya betri kupitia bodi na injini. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha bodi ya stata, pasipo na rangi wala grisi. Piga stata. Isizidi 0.3.
3. Namba ikizidi, igawe njia: kichwa cha betri hadi taminali yake, taminali hadi bodi ya gari, bodi hadi injini. Kiungo kimoja kizuri hakili zaidi ya 0.1.

Mfano wa namba zake. Unapiga stata, betri inasoma 10.8 kwenye vichwa. Kwenye stata yenyewe, kati ya bolti kubwa na bodi yake, unapata 8.9. Volti 1.9 zimeliwa njiani. Upande wa chanya unapima 0.3, kwa hiyo 1.6 ziko upande wa ethi. Unagawa: kichwa cha hasi hadi taminali 0.05, taminali hadi bodi ya gari 0.05, bodi ya gari hadi injini 1.5. Umeipata: mkanda wa ethi kati ya injini na bodi. Hujafungua stata wala hujanunua chochote.

Njia ya mkato ya kuthibitisha ni kuchukua waya mmoja wa kushtulia (waya mnene wa kuazima moto wa betri nyingine) na kuunganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini. Gari likizunguka vizuri, ethi ndiyo mgonjwa. Dalili nyingine ya ethi mbovu ya injini ni kebo ya gia au ya mafuta kupata joto wakati wa kupiga stata. Moto umekosa njia yake, ukapita kwenye kebo kurudi kwenye betri.

Kusafisha taminali si kuzikwangua juu. Zitoe, hasi kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri, kwa sababu magadi huua asidi. Kausha, kisha sugua kichwa cha betri na ndani ya taminali kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Funga ikaze kiasi kwamba huwezi kuizungusha kwa mkono, halafu ndipo upake grisi kwa juu. Grisi ikitangulia kati ya vyuma viwili, umeweka kizuizi kipya. Kagua pia waya ulipoingia kwenye taminali: kutu hupanda ndani ya ganda, waya unaonekana mzima kwa nje na kumbe ndani umebaki nyuzi chache. Ukiukunja na ukasikia unachakachaka, ubadilishe. Kipande cha bati kilichopachikwa kujaza taminali iliyopanuka kitolewe, nacho kinakula volti.

Stata yenyewe

Ikiwa bolti kubwa ya stata ina volti 10 na zaidi wakati wa kupiga, na waya mwembamba wa solenoidi unapata moto, na ethi ni nzima, basi stata haina utetezi tena.

Solenoidi ina bolti mbili kubwa: moja inatoka betri, nyingine inakwenda kwenye mota. Pima katikati yake wakati wa kupiga stata. Solenoidi ikiwa imevuta vizuri, tofauti iwe karibu na sifuri, isizidi 0.3. Ukisoma volti karibu zote za betri huku umesikia "ta", kopa za ndani zimeungua na hazigusani. Katika stata nyingi kopa hizo huuzwa peke yake pamoja na kijiti chake, na stata inafufuka bila kubadilishwa nzima.

Kopa zikipitisha moto na mota bado imekaa, tazama kaboni. Kipimo cha zamani ni kuigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akipiga. Ikizunguka, kaboni zimeisha na hazifiki. Huo ni utambuzi, si matengenezo, na huenda usiku wa leo isikubali. Usiigonge kwa nguvu, kwani stata nyingi zina sumaku za kudumu zinazopasuka kama kigae.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika mbili, la sivyo utaunguza nzima kwa kutafuta mbovu.

Njia nyembamba: amri ya kuwasha

Kimya kikiwa kamili na taa ziking'aa, rudi nyuma kutoka kwenye stata. Kwenye magari mengi amri hutoka betri, hupita fyuzi, swichi ya ufunguo au kitufe, swichi ya gia au ya klachi, relei ya stata (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), ndipo ifike kwenye waya mwembamba wa solenoidi.

Weka taa ya kupimia kwenye waya huo mwembamba na upige stata. Taa hapa ni bora kuliko mita. Mita itakuonyesha volti 12 hata kama waya umebaki na uzi mmoja, kwa kuwa haivuti moto wowote wa maana. Taa inavuta, na itafifia. Ikiwaka kwa nguvu na solenoidi haivuti, rudi kwenye stata. Isipowaka, endelea:

Jaribu N badala ya P. Ikikubali kwenye N, swichi ya gia imehama au imechakaa. Gari la gia za mkono, kanyaga klachi mpaka mwisho. Kipande kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi ya klachi huvunjika na kuanguka sakafuni, na gari zima linasimama kwa ajili yake. Gari la kitufe, mtu atazame taa za breki: zisipowaka ukikanyaga, gari halijui kama umekanyaga breki, na halitapiga stata. Fyuzi au swichi ya breki ndiyo ya kufuatwa.

Relei. Ibadilishane na nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi. Isiposaidia, itoe na upime tundu zake. Namba 30 iwe na moto (kwenye baadhi ya magari mpaka ufunguo uwashwe). Kati ya 85 na 86, moja ipate moto na nyingine ipate ethi ufunguo ukiwa kwenye kuwasha. Ukikosa moto, tatizo liko upande wa swichi na fyuzi. Ukikosa ethi, liko upande wa swichi ya gia au kompyuta ya gari. Vyote vikiwepo, hakikisha gia iko huru, kisha unganisha 30 na 87 kwa waya mfupi wenye fyuzi ya ampea 30. Stata ikizunguka, waya wa kwenda chini ni mzima.

Fyuzi usizihukumu kwa macho. Gusa kwa taa ya kupimia sehemu mbili ndogo za chuma zilizo mgongoni mwake. Zote ziwashe taa. Fyuzi kubwa zilizofungwa kwa bolti karibu na betri usizisahau, hasa kama kuna aliyewahi kushtua gari kwa kugeuza chanya na hasi.

Injini inazunguka ila haishiki

Washa ufunguo bila kupiga. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, kompyuta ya injini haina moto: angalia relei kuu na fyuzi yake kabla ya kugusa kitu kingine. Taa yenye alama ya ufunguo au gari ikimetameta kwa kasi, imobilaiza (kinga ya wizi) haijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba, na kwa gari la kitufe gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe. Kwenye magari mengi chipu ya ndani husomeka hata betri ya rimoti ikiwa imekufa.

Nyuma ya gari, sekunde mbili za mwanzo baada ya kuwasha swichi, kwa kawaida pampu ya mafuta huvuma kidogo. Kimya? Fyuzi, relei, kisha plagi ya waya juu ya tenki. Baadhi ya magari yana swichi inayokata mafuta likigongwa. Pigo la shimo linatosha kuifyatua, na hurudishwa kwa kubonyeza.

Tazama mshale wa mizunguko wakati wa kupiga stata. Kwenye magari mengi huinuka kidogo, 200 hivi. Ukilala sifuri, shuku sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), hasa kwa gari linalozima likipata joto na kukubali tena likipoa. Cheche za plagi zipime kwa kifaa cha kupimia cheche, si kwa kushika waya: koili inayolisha plagi hutoa makumi ya maelfu ya volti, na ikiachwa wazi bila pa kurukia inaweza kujiua yenyewe.

Kushtua, na baada ya hapo

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche hutokea kwenye muunganiko wa mwisho, na betri hutoa haidrojeni, usizikutanishe. Acha dakika tano, piga. Kutoa ni kinyumenyume.

Likishawaka, usitoe taminali ya betri ili kujaribu altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Volti zinaruka na kuunguza kompyuta. Mita inatosha: vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.6 taa zikiwa zimewashwa. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa na betri inapikwa. Magari mapya yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta hushuka chini kwa makusudi, kwa hiyo washa mizigo mingi kabla ya kutoa hukumu.

Kama chaji ni nzuri, betri ni nzuri, na bado asubuhi gari limekufa, kuna kinachonyonya usiku. Zima kila kitu, fungua boneti, bonyeza kufuli la mlango kwa bisibisi ili gari liamini limefungwa. Toa waya wa hasi na uweke mita kwenye tundu la ampea 10 kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usifungue mlango wala kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Subiri nusu saa au zaidi kompyuta zilale. Chini ya miliampea 50 ni kawaida, kama ampea-saa 1.2 kwa siku. Ukikuta 500, betri ya ampea-saa 60 inafika nusu kwa siku mbili na nusu.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Hapo mzunguko umeupata. Taa ya buti, redio na alamu zilizofungwa baadaye ndizo za kuanza nazo. Namba isiposhuka hata fyuzi zote zikiisha, chomoa waya mnene wa altaneta, ukishatoa hasi kwanza, na upime upya: dayodi ya altaneta iliyovuja hunyonya betri bila kupita kwenye fyuzi yoyote ya ndani, na mchana inachaji kama kawaida.